Jinsi ya Kutambua Stromatoliti Katika Changarawe Iliyoletwa na Barafu

Changarawe inayochimbwa katika sehemu nyingi za jimbo la Minnesota, nchini Marekani, ile inayomwagwa kwenye maegesho ya magari na kuzunguka misingi ya nyumba, haikuzaliwa pale inapochimbwa. Ililetwa na barafuto, yaani pande nene la barafu linalosogea polepole kwa uzito wake, ambalo katika zama za mwisho za barafu lilifika kilele chake zaidi ya miaka 20,000 iliyopita, likateremka kutoka Kanada, likang'oa miamba njiani, likaisaga na kuiburuta, kisha likaiacha mahali lilipoyeyukia. Katika mchanganyiko huo mna vipande vya miamba ya kale sana, na baadhi ya vipande hivyo vimebeba stromatoliti, ambazo ni miundo ya matabaka iliyojengwa na mikeka ya vijidudu, hasa sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, katika maji ya kina kifupi. Mkeka ulinasa chembe za matope, ukayafanya madini yagande juu yake, ukafunikwa, ukapanda tena kuufuata mwanga, na kazi hiyo iliporudiwa mara elfu nyingi ikaacha tabaka juu ya tabaka. Jina la stromatoliti lilitokana na Mjerumani Ernst Kalkowsky, aliyelitumia mwaka 1908.

Mwongozo huu unawahusu wasomaji wanaoishi Minnesota na majimbo yanayopakana na Ziwa Superior, ambao wameokota jiwe lenye michirizi iliyopinda na wanataka kujua kama kweli ni kisukuku, yaani alama ya uhai wa kale iliyohifadhiwa katika jiwe. Naomba msimamo wangu ujulikane mapema. Michirizi peke yake haithibitishi chochote, kwa maana dunia imejaa mawe yenye michirizi. Ushahidi umo katika umbo la ukuaji linalofuatika kwenye nyuso zaidi ya moja za jiwe lilelile, na umbo hilo halina budi kuungwa mkono na asili ya jiwe.

Hatua ya 1: Pata ruhusa, kisha andika mahali

Machimbo ya changarawe yana mwenyewe hata geti likiwa wazi, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kuingia. Katika hifadhi za jimbo la Minnesota na katika hifadhi za taifa ni marufuku kuondoka na mawe, na Michigan ina kikomo cha ratili 25 kwa mtu kwa mwaka, yaani takriban kilo 11, kwenye ardhi ya jimbo.

Ukishalipata jiwe, andika papo hapo mahali ulipoliokota, rangi ya mchanga na udongo uliolizunguka, na aina za mawe mengine yaliyokuwa karibu. Piga picha ya jiwe kabla ya kuliinua. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu jiwe linawavutia kuliko mahali, lakini jiwe la barafuto tayari limepoteza mwamba wake wa asili, na likipoteza pia mahali lilipodondoshwa, nusu ya ushahidi imekwenda. Kama changarawe ilinunuliwa na kuletwa nyumbani kwa lori, muulize muuzaji ilichimbwa wapi.

Hatua ya 2: Jua barafu ilipita wapi

Barafu haikushuka Minnesota kama ukuta mmoja. Ilishuka kwa ndimi, na kila ulimi ulibeba mawe ya nchi uliyoipitia. Ulimi wa Superior ulifuata bonde la ziwa hilo kuelekea kusini-magharibi, na kifusi chake kina wekundu wa kahawia, pamoja na miamba ya volkano kama basalti nyeusi na rayoliti, mawe mchanga mekundu na zile akiki, mawe ya vito yenye michirizi, ambazo zimelipa jimbo jiwe lake la fahari. Ulimi wa Rainy ulitoka kaskazini-mashariki na kupita juu ya miamba ya kale ikiwemo safu ya Mesabi, ukanda wa machimbo ya chuma kaskazini-mashariki ya Minnesota. Ulimi wa Des Moines ulitoka kaskazini-magharibi kupitia bonde la Mto Red, na kifusi chake ni cha kijivu, kikiwa na mawe mengi ya chokaa na vipande vya matope yaliyogandamizwa kuwa mwamba. Ndiyo maana rangi ya udongo uliyoiandika katika hatua ya kwanza ina thamani.

Chanzo kinachotafutwa zaidi ni mwamba wa chuma wa Biwabik katika safu ya Mesabi, wenye umri wa takriban miaka bilioni 1.88. Ndani yake mna matabaka ya stromatoliti yaliyogeuka kuwa yaspi nyekundu na gumegume, ambayo ni mawe magumu ya silika, yaani madini ya kwazi, na mawe mazuri zaidi yamepewa jina la mgodi wa Mary Ellen, ulio karibu na mji wa Biwabik. Ukivuka mpaka kuingia Ontario, miamba ya umri huohuo huitwa Gunflint. Humo mwanajiolojia Stanley Tyler aliokota gumegume nyeusi ambayo yeye na mtaalamu wa mimea ya kale Elso Barghoorn waliiandikia mwaka 1954 wakionyesha vijidudu vilivyohifadhiwa ndani yake, na kwa kazi hiyo wanasayansi wengi walianza kukubali kwamba uhai wa kabla ya wanyama uliacha alama zinazoonekana kwa hadubini.

Vyanzo vingine ni Dolomiti ya Kona (dolomiti ni mwamba unaokaribiana na chokaa, wenye magnesi) karibu na Marquette, Michigan; matabaka ya Copper Harbor katika rasi ya Keweenaw, yenye umri wa takriban miaka bilioni 1.1, na dolomiti za kundi la Prairie du Chien kusini-mashariki ya Minnesota, ambazo ni changa zaidi, za takriban miaka milioni 480. Stromatoliti ya yaspi nyekundu na stromatoliti ya dolomiti ya rangi ya krimu hazifanani kwa macho, kwa hiyo ni vyema ujue unategemea ipi kabla ya kuanza kutafuta.

Kumbuka pia kwamba barafu haikurudisha jiwe ilikotoka. Kipande cha mwamba wa Biwabik kilichookotwa kusini ya Mesabi kina njia ya kueleweka. Kikiokotwa mbali kaskazini ya chanzo chake, yaelekea kimefika huko kwa lori au mfukoni mwa mtu. Kwa kanuni hiyohiyo, msomaji wa Afrika Mashariki asizitafute stromatoliti katika vifusi vya barafuto vya Kilimanjaro na Mlima Kenya, kwa kuwa barafu ya huko ilisaga miamba ya volkano.

Hatua ya 3: Osha na ulowanishe

Tumia maji, brashi ya plastiki na subira. Usitumie nyundo, na usipake mafuta wala vanishi, kwani huziba vinyweleo na kuharibu vipimo vya baadaye. Jiwe likiwa limelowa, michirizi huonekana maradufu. Litazame kwenye jua la pembeni la asubuhi au alasiri, kwanza kwa macho matupu kisha kwa lenzi inayokuza mara 10.

Hatua ya 4: Pima ugumu, chokaa na sumaku

Jaribu kukwaruza kipande cha kioo kwa kona ya jiwe. Yaspi na gumegume hukwaruza kioo bila shida, ilhali chokaa na dolomiti hazikikwaruzi, na ncha ya kisu cha chuma huziacha na alama. Kisha dondosha siki. Jiwe la chokaa hutoa mapovu. Dolomiti hukaa kimya mpaka uikwangue ipate unga, na hata hapo mapovu yake huwa madogo yanayohitaji kutazamwa kwa lenzi. Mwenye asidi haidrokloriki iliyozimuliwa atapata jibu la wazi zaidi, ila avae miwani ya kinga na afanye kazi nje.

Halafu karibisha sumaku. Vipande vya mwamba wa Biwabik mara nyingi vina magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, na sumaku iliyofungwa kwenye uzi itavutwa kidogo. Vipimo hivi vitatu vinakueleza jiwe limeundwa kwa madini gani leo. Havisemi lolote kuhusu kilichojenga matabaka yake, kwa sababu silika inaweza kuchukua nafasi ya chokaa na kulihifadhi umbo la mwanzo hadi mkunjo wa mwisho. Kwa hiyo usilitupe jiwe kwa kuwa halikutoa mapovu.

Hatua ya 5: Soma umbo, kwa nyuso mbili au zaidi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ningeomba msomaji aipe muda kuliko hatua nyingine zote.

Tafuta kwanza uso unaoonyesha matabaka kwa ubavu. Stromatoliti nzuri hufanana na bakuli nyingi zilizopangwa kifudifudi, moja juu ya nyingine, zikiacha safu ya matao yanayopanda. Sasa ligeuze jiwe utazame uso unaokutana na huo kwa pembe mraba, yaani uso unaoyakata matao hayo kwa juu. Kama ni kuba la kweli, utaona pete, moja ndani ya nyingine, kama kitunguu kilichokatwa, na kila pete itaunganika na tao lake ukiifuata ukingoni. Ukiona matao upande mmoja lakini upande wa pili una mistari iliyonyooka tu, basi ulichonacho kina uwezekano mkubwa wa kuwa mkunjo mrefu wa mwamba, kama mkunjo wa shuka.

Jambo hili si dogo hata kwa mabingwa. Mwaka 2016 Allen Nutman na wenzake walitangaza stromatoliti zenye umri wa miaka bilioni 3.7 kutoka Isua, Greenland, ambazo zingekuwa za kale kuliko zote. Mwaka 2018 Abigail Allwood na wenzake walichunguza miamba hiyohiyo kwa pande zote na kueleza kwamba maumbo yale, yaliyoonekana kama koni yakitazamwa kwa ubavu, ni matuta marefu yaliyotokana na mwamba kuminywa. Uso mmoja ulisema hili na uso wa pili ukasema lile. Mwenye jiwe la kiganjani ana nafuu ambayo mwenye mwamba mzima hana, kwani jiwe lake anaweza kuligeuza.

Baada ya umbo la jumla, chunguza tabia ya tabaka mojamoja. Tabaka lililojengwa na mkeka hai huwa na mikunjomikunjo midogo, hukatika na kuendelea, na mara nyingi huwa nene kileleni mwa kuba kuliko ubavuni, kwa sababu kileleni ndiko mwanga ulikokuwa mwingi. Matope yaliyotua yenyewe hufanya kinyume: hujaa bondeni na kuwa membamba juu ya kilima. Tazama pia ubavu wa kuba. Ikiwa tabaka limepanda ukuta unaokaribia kuwa wima bila kuteleza, jiulize ni nini kililishika pale, maana mchanga haushiki ukutani, na utando unaonata hushika.

Kisha tazama kati ya kuba na kuba, au kati ya nguzo na nguzo. Katika mwamba wa Biwabik nguzo nyingi ni nyembamba kama vidole, na nafasi kati yake imejazwa punje za duara za yaspi au chuma, pamoja na vipande vya matabaka yaliyovunjwa na mawimbi. Kujazwa huko ni ushahidi mzuri sana, kwa kuwa kunaonyesha nguzo zilikuwa zimesimama ndani ya maji huku mchanga ukitua pembeni yake. Mkunjo uliotokea mwamba ukiwa umeshakuwa jiwe hauwezi kuwa na punje za namna hiyo zilizotua katikati.

Jiwe la barafuto limebingirika, hivyo hujui juu yake ni wapi. Lisimamishe kwa kuyatazama matao, kisha uhakikishe kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kuona nguzo zinagawanyika matawi kuelekea upande upi, kwa kuwa hugawanyika zikipanda. Ushahidi wote ukielekeza upande mmoja, una sababu ya kufurahi. Matao yakibinuka juu na chini kwa usawa katika jiwe hilohilo, rudi kwenye wazo la mkunjo, kwani stromatoliti huwa na vilele vipana na mabonde membamba yenye ncha kati yake.

Anayetaka kuzoeza macho yake na atazame picha za stromatoliti zinazoishi hadi leo katika Hamelin Pool, Shark Bay, Australia ya Magharibi. Wasomaji waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika wana mfano wa karibu zaidi, kwani kwenye pwani zake zenye miamba mna stromatoliti za chokaa ambazo watafiti wamezitumia kusoma jinsi kina cha ziwa kilivyopanda na kushuka.

Hatua ya 6: Wapime washindani mmoja baada ya mwingine

Washindani ni mawe yanayofanana na stromatoliti bila kuwa stromatoliti. Mshindani mkubwa katika Minnesota ni yaspi ya mwamba wa chuma wa Soudan, kutoka safu ya Vermilion, wenye umri wa takriban miaka bilioni 2.7. Ni nyekundu, imepigwa mistari ya kijivu inayong'aa, na imekunjwa na misukosuko ya ardhi mpaka mikunjo yake inafanana na makuba. Unene wa kila mstari hubaki uleule kwa umbali mrefu au hubadilika kwa mpangilio, mikunjo inabinuka pande zote mbili, na kati ya mikunjo hakuna punje zilizotua. Ukiwa na mashaka kati ya Soudan na Biwabik, uso wa pili wa jiwe ndio utakaoamua.

Rayoliti yenye michirizi ya mtiririko, iliyotoka katika volkano za ufuo wa kaskazini wa Ziwa Superior, ndiyo iliyonipoteza mimi. Nilihifadhi kipande chake majira yote ya baridi nikiamini ni stromatoliti ndogondogo, kwa kuwa michirizi yake ilijipinda vizuri na kukwaruza kioo. Nilipolilowanisha na kulitazama kwa lenzi niliona fuwele ndogo zenye kingo zilizonyooka zikielea ndani ya michirizi, na michirizi ikizizunguka kama maji yanavyozunguka nguzo ya daraja. Fuwele za namna hiyo ni alama ya mwamba uliokuwa moto na majimaji. Tangu hapo huzitafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Akiki hutambulika kwa urahisi zaidi. Michirizi yake hufuata ukuta wa tundu ilimokulia na kuelekea ndani, ikiishia na fuwele za kwazi katikati, na ukiielekeza kwenye mwanga hupenyeza. Stromatoliti hukua kutoka sakafuni kwenda juu, na yaspi haipenyezi mwanga. Pete za kutu nazo hudanganya, zile zinazotokea maji yenye chuma yanapopenya katika jiwe mchanga na kuacha rangi. Ukizifuata utaona zinakata matabaka ya mchanga bila kuyajali, na punje za mchanga ni zilezile ndani ya pete na nje yake.

Matumbawe ya kale huleta mkanganyiko hasa kwa waokotaji wa Michigan. Jiwe la Petoskey, lililo jiwe rasmi la jimbo hilo tangu mwaka 1965, ni tumbawe la Hexagonaria, na linaonyesha vyumba vyenye pembe sita, kila kimoja kikiwa na mistari inayotoka katikati kama miale. Stromatoliti haina miale wala vyumba. Ukiona muundo wa mirija, mashimo yaliyopangwa au nguzo ndogo zinazounganisha tabaka na tabaka kwa mpangilio mmoja, basi unamtazama mnyama, na mkeka wa vijidudu haumo.

Hatua ya 7: Kata jiwe ikiwa tu kuna sababu

Jiwe lililopita vipimo vilivyotangulia linastahili kukatwa, na lililoshindwa halihitaji. Kata kwa msumeno wa almasi unaomwagiwa maji, kwanza kwa pembe mraba na matabaka, ukipita katikati ya tao kubwa zaidi, kisha kata ya pili sambamba na matabaka. Usikate wala kusaga gumegume au yaspi bila maji, kwa maana vumbi la silika huingia ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa uleule unaowamaliza wachimbaji wa migodini, na hauna tiba. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi hata msumeno ukiwa na maji, na usafishe tope likiwa bado bichi.

Bakiza kipande ambacho hakijaguswa. Mtaalamu akihitaji kutengeneza kipande chembamba cha hadubini, chenye unene wa milimita 0.03, atakitoa humo.

Hatua ya 8: Andika uamuzi kwa ngazi zake

Napendekeza maneno matatu. Andika "huenda" ikiwa umeona matao kwenye uso mmoja tu. Andika "yaelekea" ikiwa matao na pete vinakubaliana kwenye nyuso mbili, tabaka zina mikunjo na unene wa kileleni, na jiwe linalingana na chanzo kinachojulikana juu ya njia ya barafu. Neno "hakika" mwachie mwanajiolojia aliyeliona jiwe lenyewe, kwa mfano katika jumba la makumbusho au idara ya jiolojia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Unapopeleka picha, piga nyuso zote, jiwe likiwa kavu na likiwa limelowa, na uweke rula ndani ya kila picha, kwa kuwa sarafu za nchi tofauti hazina ukubwa mmoja.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye kadi, na namba yake iandikwe pia juu ya jiwe kwa wino mweusi juu ya doa dogo la rangi nyeupe, mahali pasipo na matabaka. Lebo ya jiwe la kawaida kutoka mashariki ya Minnesota ingesomeka hivi: "Namba 14. Yaelekea stromatoliti. Yaspi nyekundu yenye nguzo za upana wa milimita 8, punje za duara kati ya nguzo, sumaku huvutwa kidogo. Changarawe ya wekundu wa kahawia pamoja na akiki na basalti. Machimbo, kwa ruhusa ya mwenyewe." Chini yake weka tarehe, vipimo vya mahali kutoka kwenye simu, na jina la aliyeliokota.